Maswali na Majibu: Dunia ya Mwaka 1415

Wiki iliyopita niligusia mwaka 1415 kwa mistari michache, na maswali yakamiminika. Nimechagua haya.

Shikamoo mwalimu. Ni kweli twiga alipelekwa China kutoka Malindi mwaka huo? Na ni Zheng He, kamanda wa meli za mfalme wa China, aliyekuja kumchukua? (Msomaji, Kilifi)

Marahaba. Ni kweli tupu, na kumbukumbu za ufalme wa Ming zinaeleza. Wajumbe wa Malindi walimkabidhi twiga mfalme Yongle. Wachina wakamchukulia kuwa ndiye qilin, mnyama wa baraka katika masimulizi yao, anayejitokeza zama za mtawala mwadilifu. Wakuu wa serikali waliomba kumwandikia mfalme pongezi, akakataa. Hata hivyo, siku mnyama alipoletwa, mfalme alitoka mwenyewe hadi langoni kumpokea.

Kuhusu Zheng He, hapo ndipo watu wanapochanganya. Safari yake ya nne, ya 1413 hadi 1415, ililenga Hormuz, kwenye mlango wa Ghuba ya Uajemi. Safari ya tano, ya 1417 hadi 1419, ndiyo iliyowarudisha wajumbe makwao na kufika Mogadishu na Malindi. Maana yake ni kwamba watu wa Malindi walikuwa wameshafika China kabla ya safari hiyo. Nalisisitiza hili kwa sababu tumesimuliwa mno kana kwamba wazee wetu walikaa ufukweni wakingoja kugunduliwa. Walizijua pepo za kaskazi na kusi, na walijua ni zawadi gani ingemtikisa mfalme.

Jambo moja zaidi: ile picha maarufu ya twiga na mtu aliyemshika kamba si ya twiga huyu. Ni ya twiga wa 1414, aliyeletwa na wajumbe wa Bengal. Ukitaka ushahidi wa karibu na kwako, sarafu za shaba za Yongle, zenye tundu la mraba katikati, zimechimbuliwa Mambrui na kwenye kisiwa cha Manda.

Waingereza walishindaje vita pale Agincourt, Ufaransa, ilhali walikuwa wachache na wagonjwa? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ugonjwa ulikuwa kweli. Mfalme Henry wa Tano aliuzingira mji wa Harfleur kuanzia Agosti hadi Septemba 22, na kuhara damu kukalidhoofisha jeshi lake. Alikuwa akielekea Calais, bandari iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, ili arudi nyumbani Wafaransa walipomzibia njia.

Oktoba 25 walikutana kwenye shamba lililotoka kulimwa, msitu huku na msitu huku. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha. Sasa mfikirie askari wa Kifaransa ndani ya deraya ya chuma, anatembea kwenye tope zito, mishale inamnyeshea, na wenzake wa nyuma wanamsukuma. Akianguka, hainuki. Wingi wao ukageuka kuwa mzigo, maana uwanja ulikuwa mwembamba. Waingereza wengi walikuwa wapiga upinde waliovaa vyepesi, wakaweza kuruka huku na huku.

Usiisome kama hadithi ya mashujaa tu. Siku hiyohiyo Henry aliamuru mateka wengi wauawe, watu waliokwisha kusalimu amri. Mtawala wa Orléans, Charles, alinusurika, akakaa kifungoni Uingereza miaka 25.

Mchungaji wetu alimtaja Jan Hus. Si alipewa hati ya usalama? (Msomaji, Bukoba)

Alipewa, tena na mfalme Sigismund. Hus, padri wa Praha, aliitwa kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, katika mji wa Konstanz ajieleze kuhusu mafundisho yake. Akafungwa muda mfupi baada ya kufika, kwa hoja kwamba ahadi aliyopewa mzushi, yaani mtu anayepinga mafundisho ya Kanisa, haifungi. Julai 6 walimvika kofia ya karatasi iliyochorwa mashetani, wakamchoma moto, na majivu wakayatupa mto Rhine. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza majuto yake makubwa kwa kifo hicho cha kikatili.

Ni kweli kulikuwa na mapapa watatu? (Msomaji, Nairobi)

Walikuwepo watatu waliodai kiti hicho. Mwaka huo mmoja aliondolewa na mwingine akajiuzulu. Wa tatu aling'ang'ania hadi alipoondolewa 1417.

Katika yote hayo, lipi lilikuja kutugusa sisi wa Pwani? (Msomaji, Lamu)

Kwangu ni lile linalotajwa kidogo kuliko yote. Agosti 21 Wareno, wakiongozwa na mfalme João wa Kwanza na wanawe, waliiteka Ceuta, bandari ya Waislamu upande wa Afrika wa mlango wa Gibraltar. Ilichukua siku moja. Mmoja wa wanawe hao, Henrique, baadaye alifadhili safari nyingi za kushuka pwani ya magharibi ya Afrika. Kizazi baada ya kizazi Wareno walisogea kusini, wakaizunguka rasi ya kusini mwa Afrika, na Aprili 1498 Vasco da Gama akatia nanga Malindi. Sultani alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Miaka saba baadaye Wareno wakaishambulia Kilwa, kisha wakaiteka Mombasa na kuichoma moto.