Ufa sakafuni, Funu: nipande vetiva au nifungashe?

*Jambo Mama Mwalimu. Ninakaa Funu, kule Kadutu, hapa Bukavu, tangu 2009. Nyumba ni ya mbao na bati, lakini sakafu niliimwagia simenti. Tangu mvua za Novemba kuna ufa unaotoka chini ya kitanda cha watoto hadi jikoni, na sasa kidole changu kinaingia. Watu fulani walikuja kwenye mkutano wa avenyu wakatuambia habari za "uhandisi wa ikolojia" na kutugawia miche ya vetiva, majani marefu ya kushika udongo. Kijana wangu naye, kwa kuwa anasoma, anasema setilaiti inaweza kuona kama mlima unatembea. Mimi nauliza tu: nipande majani haya, au nifungashe?*
*Baba wa watoto watano, Funu*

Baba, panda. Ila usipande ukitegemea kwamba ufa utafunga.

Jina kubwa hilo, uhandisi wa ikolojia, lisikutishe. Lilianza kutumika miaka ya 1960 na mwanaikolojia Mmarekani Howard T. Odum, na maana yake ni kuacha mimea, maji na udongo vifanye kazi ambayo vinginevyo tungeifanya kwa simenti na mafuta. Sisi tuliokulia milimani tulikuwa tukiona mistari ya majani pembeni ya mashamba kabla hatujajua kuwa ina jina.

Lakini mlima una magonjwa mawili, na dawa zake si moja. La kwanza ni la ngozi: mvua inapiga udongo uliovuliwa, inauchukua, kesho yake kanivo, mfereji wa kando ya barabara, imejaa tope jekundu. Hapo vetiva ni bingwa. Mizizi yake haitambai, inashuka wima, na katika udongo mzuri inafika mita 3 au 4. La pili ni la mfupa: kipande kizima cha mlima kinateleza polepole, kimebeba nyumba, vyoo na migomba. Funu yenu ina hilo la pili, na linapotelezea ni chini kabisa, pasipofikiwa na mzizi wa jani lolote. Kupanda vetiva juu yake ni kama kumshonea mtu nguo huku anatembea. Nguo itashonwa, yeye ataendelea kwenda.

Kijana wako ana haki. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti juu ya hapo hapo kwenu, katika jarida la Nature Geoscience. Watafiti walilinganisha picha za ndege za zamani na za setilaiti, miaka kama 70 kwa jumla, wakaona kwamba sehemu ya mteremko iliongeza mwendo kadiri mji ulivyojaa. Waliona chanzo kiko upande wetu: maji tunayoyaingiza ardhini. Bomba linavuja, choo cha shimo kinajaa, maji ya kuoga yanamwagwa nyuma ya nyumba, na mabati yote ya avenyu yanateremsha mvua mahali pamoja.

Hebu tupige hesabu ya paa lako. Tuseme ni mita 6 kwa 8, yaani mita mraba 48. Mvua ya milimita 30, ambayo hapa Bukavu si ajabu, inakupa lita 1,440. Ni bidoni 72 za lita 20, katika alasiri moja, zote zinamwagika kwenye msingi wako. Halafu jirani wa juu ana paa kubwa kuliko lako.

Kwa hiyo kabla ya jani, maji. Weka mfereji wa bati chini ya paa, hata wa bati kuukuu, na uyaongoze kwenye kanivo inayoshuka hadi mtoni. Usiyamwage kwenye parseli ya jirani wa chini. Nimeona undugu ukivunjika kwa mfereji. Ufa wa uani, wa udongo, uzibe kwa udongo wa mfinyanzi, uushindilie, mvua isipate mlango. Na usijenge ukuta mzito wa mawe. Marehemu mume wangu alijenga mmoja mzuri huku Bagira, mrefu kuliko mimi, bila kuacha hata tundu moja la maji kutokea. Mvua za Aprili zilikusanyika nyuma yake, na usiku mmoja ukuta wote ulilala jikoni kwa jirani. Bahati hakukuwa na mtu. Tulilipa sufuria mpaka Krismasi.

Ukishaondoa maji ndipo ushike miche. Vetiva tunayopewa haizai mbegu za kuota, inagawanywa mashina kama vitunguu vya majani, kwa hiyo haitavamia bustani ya mtu. Panda mstari ukikata mteremko, usishuke nao, shina hadi shina sentimita 10 au 15. Ukiacha pengo, maji yatalipata. Fanya hivyo mvua zikianza, Septemba au Oktoba. Ukipanda Juni unawapandia mbuzi.

Sasa ile setilaiti. Rada za Sentinel-1 za Ulaya ziko angani tangu 2014, na data zake zinatolewa bure. Rada hupita, hurudi baada ya siku kadhaa, na kwa kulinganisha mawimbi huweza kuona ardhi imesogea sentimita chache au hata chini ya hapo. Inachoona vizuri ni mtaa. Ufa wa chini ya kitanda hauoni. Hapo ndipo kijana wako ana kazi: apigilie misumari miwili ya simenti, mmoja kila upande wa ufa, apime umbali kwa rula kila Jumapili, aandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Nje aweke kopo lenye kuta zilizonyooka, apime mvua kwa milimita kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu mtaanza kujua kama ufa unafuata mvua au unakwenda wenyewe hata mvua isiponyesha. Daftari la namna hiyo kutoka nyumba kumi za avenyu moja, mtafiti yeyote atalipokea kwa mikono miwili.

Umeuliza kufungasha. Misumari ikiachana upesi, kwa mfano sentimita nzima ndani ya wiki moja, au milango ikianza kukwama yote kwa pamoja, au chemchemi mpya ikatokea mahali palipokuwa pakavu, watoto walale kwa shangazi yao usiku huo huo. Usingoje kupima Jumapili. Vinginevyo, hamisha kwanza kitanda chao kutoka juu ya ufa. Hilo nashangaa hukulifanya tangu Novemba.

*Mama Mwalimu, chupa za plastiki zinazotupwa mtoni Kawa zinaishia wapi? Vijana wa avenyu yetu wanataka kufanya kitu.*
*Dada wa Nyamugo*

Zinaingia Ziwa Kivu, na nyingi zinatafuta mlango wa kutokea, ambao ni mto Ruzizi. Hapo zinakutana na bwawa la umeme la Ruzizi I, na umeme unaokatika kwako jioni wakati mwingine ni chupa zako mwenyewe zimerudi kukusalimia. Zinazopita zinashuka mita karibu 700 hadi Ziwa Tanganyika.

Wekeni wavu mdomoni mwa kanivo moja, moja tu, ambayo mtaweza kuisafisha baada ya kila mvua, la sivyo mtafurikisha watu. Na kabla hamjatupa mnachokinasa, kihesabuni kwa aina: chupa za maji, za soda, vifuko, viatu. Mwezi mmoja hivyo. Mkienda kwa mkuu wa mtaa na hesabu, atauliza maswali. Mkienda na malalamiko, atawapa kiti na kuwaahidi kesho.