Ukisomea tamthilia za watoto, geuza kiti uwatazame watoto

Nilipowasilisha sura ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamivu kule Athens, msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Na hapo, watoto walifanya nini?"

Sura ile ilikuwa na kurasa arobaini juu ya Odyssebach, mchezo wa Xenia Kalogeropoulou, mwigizaji aliyeanzisha jukwaa la watoto mwaka 1972. Nilikuwa nimelichambua jina lenyewe, linalomuunganisha Odysseus wa Homer na Sevach, ambaye ndiye Sindbad tuliyemjua sisi kwa Alfu Lela Ulela. Nilikuwa nimepekua lugha yake neno kwa neno. Lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Sikuwahi kukaa ukumbini na mtoto hata mmoja wa Kigiriki. Mchezo nilikuwa nimeusoma kama mtu asomavyo shairi.

Wanafunzi wa Dar, Nairobi na Kampala wanaoniuliza habari za fani hii ya tamthilia za watoto za Kigiriki huanza na ufadhili na viza. Ni haki yao, ila mimi nataka kwanza nikwambie kilichonipotezea mwaka mzima.

Nami nilipaswa kulijua hili mapema. Nilianza kupanda jukwaani nikiwa kidato cha pili mkoani Kagera, katika TUSEME, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi wasichana tulitunga wenyewe maigizo kuhusu mambo yaliyotukwamisha shuleni, na tulijua igizo limeingia pale wenzetu walipoacha kunong'onezana. Herufi za Kigiriki nilizifahamu kanisani, kwa Waorthodoksi wa Bukoba. Kwa hiyo nilifika Ugiriki nikiwa na vyote viwili, lugha na jukwaa, kisha nikajifungia maktaba.

Aliyenifungua macho ni mchezaji wa Karagiozis, ile michezo ya vivuli yenye kikaragosi maskini, mwenye kibiongo na mkono mmoja mrefu kupita kiasi. Ilikuwa asubuhi, kwenye ua wa shule ya msingi. Karagiozis alikuwa amejinyoosha usingizini mbele ya kibanda chake, na nyuma yake askari ananyemelea. Watoto wakaanza kupiga kelele: "Nyuma yako!" Mchezaji akamwacha kikaragosi wake vilevile, hata kidole hakikutikisika. Kelele zikapanda, mmoja akasimama juu ya benchi, mwalimu akamvuta sketi. Mchezaji bado anangoja. Kelele zilipoanza kuchoka zenyewe, ndipo Karagiozis akainua kichwa polepole na kuuliza, "Mmeniita?" Ua mzima ukalipuka.

Nilirudi nyumbani nikafungua vijitabu vya Karagiozis, vya aina iliyochapwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Tukio kama lile linachukua mistari miwili. Ule ukimya, ambao ndio mchezo wenyewe, haumo.

Basi nenda ukumbini na daftari, ukae pembeni kwenye safu ya tatu au ya nne, kiti ukigeuze kidogo ili uone nyuso. Andika dakika na kilichotokea: nani ameuliza swali kwa sauti, miguu imeanza kuchezacheza saa ngapi, ni sentensi gani iliyowanyamazisha. Usiandike "walifurahi". Hilo halimsaidii mtu. Rudi mchezo uleule ukiwa na watoto wa umri mwingine. Mimi nilirudi mara sita kabla sijagusa tena ile sura, na zile kurasa arobaini zikabaki kumi na moja.

Maktaba usiiache, ila ujue unachotafuta. Michezo mingi ya watoto ya Kigiriki haikuandikwa kwa ajili ya majumba ya maonyesho. Gazeti la I Diaplasis ton Paidon lilianza kutoka mwaka 1879, na Grigorios Xenopoulos, aliyeliongoza kwa miaka mingi, aliwaandikia wasomaji wake wadogo michezo. Pekua magazeti, programu za maonyesho, picha. Humo utawakuta watoto ambao huwezi tena kukaa nao.

Utaambiwa pia uhamie kwenye tanzia za kale, kwamba huko ndiko kwenye heshima. Mimi niliambiwa hivyo kwenye korido na mtu niliyemheshimu sana, nikalala na donge kooni. Kilichonisimamisha tena ni Karolos Koun, mwongozaji wa maigizo wa Kigiriki. Kabla ya kuanzisha kikundi chake cha maigizo, Theatro Technis, mwaka 1942, alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya Athens College, akiwaigizisha wanafunzi wake tamthilia za Aristophanes, mtunzi wa kale wa michezo ya kuchekesha. Alipoongoza tamthilia ya mtunzi huyo iitwayo Ndege mwaka 1959, onyesho ambalo serikali ililipiga marufuku baada ya usiku mmoja, hakuwa mgeni wa Aristophanes. Alishamjaribu na vijana wa shule miaka ishirini na zaidi nyuma. Wanaosema kazi ya watoto ni ndogo hawaisomi vizuri historia ya jukwaa lao wenyewe.

Kuhusu ajira, jambo moja ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa. Nafasi ya kufundisha chuo kikuu Ugiriki hutangazwa ikiwa na eneo lake la taaluma limeandikwa waziwazi, na maombi hupita kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao APELLA. Maprofesa wanaopiga kura, wa ndani na wa nje ya chuo hicho, hupima kama kazi zako zinaoana na maneno yale. Kwa hiyo jina la tasnifu lichague mapema, na maneno "hadhira ya watoto na vijana" yawemo. Soma matangazo ya idara za tamthilia za Athens, Thessaloniki, Patras na Nafplio, kisha ya idara za ualimu wa awali na wa msingi, kwa maana huko nako drama hufundishwa na wengi hawakumbuki kutazama.