Ungekula ugali wa jana?

Swali lenu la wiki, mtu atajuaje kama ana njaa kweli ama ni uchu tu. Wengi watawajibu kunywa maji kwanza usubiri, sawa, na kwa joto hili la Mombasa maji unywe tu hata bila kuulizwa, lakini mi kipimo changu ni chengine. Jiulize kama ugali wa jana na mchicha ungeula saa hizi. Ukisema ndio, mwanangu una njaa, nenda ukale. Ukisema la, lakini viazi karai na ukwaju wa kumwagia juu ungevifuata mpaka Mwembe Tayari kwa tuktuk, huo ni uchu, manake njaa haichagui bwana.

Anayebisha akumbuke Ramadhani. Siku za mwanzo ikifika ile saa nne ya chai tumbo launguruma mpaka waona haya mbele za watu, kisha ikigonga saa sita lishatulia na hujatia kitu mdomoni! Kuna homoni yaitwa ghrelini, wataalamu wa Japani ndio walioigundua 1999, yatoka tumboni na hupanda karibu na saa ulizozoea kula halafu hushuka yenyewe hata usipokula. Kwa hivyo wewe wa mahamri kila siku saa kumi jioni usishangae mwili ukidai saa kumi, ni wewe uliyeufunza.

Na magharibi ikiadhiniwa ndio utaona vizuri zaidi: tende, maji, kikombe cha uji, njaa ishakwisha hapo, lakini nani anainuka na sambusa zipo, kaimati zipo, na viazi vya nazi vyanukia huko jikoni? Hapo twala kwa macho na pua. Sisemi ni vibaya (kaimati za mamangu mi siachi hata moja), nasema tu tusisingizie njaa.

Usingizi nao ukiwa mchache hamu ya kula huzidi, waliokesha na mtoto ama zamu ya usiku wanajua.

Ila wenye sukari wanaodunga insulini hiki kipimo changu wakiache. Ukishikwa na njaa ya ghafla, mikono yatetemeka na jasho lakutoka, usikae kujiuliza maswali ya ugali, kunywa juisi ama soda yenye sukari papo hapo kisha upime.