Maswali yenu: ngazi, rampu na lifti iliyokufa

Nimesema niyajibu ya ulemavu na majengo kwa pamoja maana yamekuwa mengi.

Nilienda ofisi ya serikali hapa mjini, iko ghorofa ya pili na lifti imekufa. Mimi natumia wilchea. Soja aniambia "mamangu ngoja tutafute vijana wakubebe". Naweza kukataa kweli na mwenye shida ni mimi? (Kisauni)

Kataa mama, na shida si yako, ni ya lifti. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 54 yasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aweze kufika mahali pa umma, kupanda usafiri na kupata habari, sasa mtu mzima na buibui lake abebwe mgongoni na vijana asiowajua, foleni nzima yamtazama, hio heshima iko wapi? Siku hio hio waambie ofisa ashuke akuhudumie chini, wengi hawajui hata kuwa waweza kuomba hivyo. Alafu andika barua, Kiswahili chatosha, weka tarehe, saa, uliambiwa nini na mwenye cheo gani, uliza lifti itatengenezwa lini. Piga nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Ukilalamika kwa mdomo utaambiwa pole mama, na pole haina muhuri.

Mwenye mkahawa amenifukuza ati wilchea yaziba njia, na hapa ni kwake amkatae amtakaye. (Majengo)

Hawezi. Kifungu cha 27 cha Katiba chakataza mtu yeyote, si serikali peke yake, kumbagua mwenzake kwa sababu ya ulemavu. Akishafungulia umma mlango, huo umma na wewe umo. Kuwa na ngazi mbili mlangoni ni mambo mengine, hapo tutauliza amefanya lipi linalowezekana, lakini kukufukuza ushaingia huo ni ubaguzi mchana kweupe.

Nasikia sheria imebadilika? (Changamwe)

Naam. Ile ya watu wenye ulemavu ya 2003 imefutwa, sasa iko ya 2025, mswada aliupeleka Seneta Crystal Asige ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho, na rais akautia sahihi Mei mwaka huo. Ile ya zamani iliwapa wenye majengo miaka mitano watengeneze, na mwajionea wenyewe walivyotengeneza.

Nina duka Mji wa Kale kwenye nyumba ya marehemu babu, ngazi mbili mlangoni. Nataka rampu lakini kichochoro ni chembamba na watu wa hifadhi ya majengo ya kale wakali. (Mji wa Kale)

Swali lako nimelipenda, wengi wenye maduka hata hawaulizi. Hesabu kwanza. Kipimo kinachotumika sana ni kila sentimita 1 ya kimo upate 12 za urefu, kwa hivyo ngazi mbili za jumla sentimita 30 zataka rampu ya mita 3.6, ukiitoa moja kwa moja nje mkokoteni utapita wapi? Na usije ukaifupisha, kuna moja nimeiona huku mjini, ya saruji, imesimama kama ya kushushia mashua na juu wamebandika tailizi laini, mvua ikinyesha hata mwenye miguu miwili ashikilia ukuta. Angalia kama mlango wa uani uko chini zaidi. Kama hakuna, ilaze rampu ubavuni sambamba na ukuta, iwe ya mbao ya kuweka na kuondoa, hio haigusi uso wa nyumba, lakini pitia ofisi ya hifadhi kabla fundi hajaanza maana eneo lote linalindwa. Mlango uwe wazi angalau sentimita 80. Na wakati wasubiri weka kengele, lakini kwa rehema za Mungu isiwe juu juu, aliyeketi aifikie, na huko ndani awepo mtu wa kutoka.

Makanga anitoza nauli mara mbili, yangu na ya wilchea. (Likoni)

Andika namba ya gari, saa na jina la sacco, kila matatu ina sacco au kampuni yake. Anza nao, wasiposikia nenda NTSA, ile mamlaka ya usafiri wa barabarani, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengine hushusha bei wakiona tu watoa simu kupiga picha namba.

Mimi fundi cherehani, kesi ntaitoa wapi pesa? (Bamburi)

Mahakama si pa kuanzia. Baraza nililolitaja hapo juu, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ile ya Jinsia na Usawa, zote wapeleka malalamiko bure. Ikishindikana, kifungu cha 22 chasema kesi ya kutetea haki za Katiba haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama yaweza kupokea hata karatasi isiyokaa kiwakili. Wakili akitaka pesa hio ni yake yeye. Na kama ni jengo la serikali, omba kwa maandishi wakuonyeshe ramani iliyopitishwa, sheria ya kupata habari ya 2016 yawapa siku 21 wakujibu. Mara nyingi utakuta rampu imechorwa humo vizuri kabisa.