Vidonge au mitishamba? Maswali yenu kuhusu sukari iliyoanza kupanda

Safari hii karibu wote mlioandika mmeambiwa sukari imepanda ila haijafika kisukari. Maswali nimeyafupisha.

Nimepima HbA1c ikatoka 6.1. Daktari kasema sina kisukari bado, ila niko mlangoni. Nianze vidonge au nijaribu vya asili kwanza?

Kipimo hicho kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kuanzia asilimia 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari, ikifika 6.5 tunazungumzia kisukari chenyewe. Muda unao. Ila umeuliza kana kwamba njia ni mbili tu, wakati ipo ya tatu, na ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote.

Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu 3,234 wenye hali kama yako. Wapo waliosaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, wapo waliopewa metfomini (vidonge vya kushusha sukari), na wapo waliopewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya takriban miaka mitatu, ukilinganisha na waliomeza vidonge visivyo na dawa, waliobadili maisha walikuwa wamepunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Wa metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa waliofikisha miaka 60 tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kula vizuri na mazoezi viliwalinda kwa asilimia 71, vidonge havikuwafaa sana.

Lakini usivibeze vidonge. Kwa wenye unene mkubwa (BMI, yaani kipimo cha uzito kwa kulinganisha na urefu, ya 35 na zaidi), walio chini ya miaka 60, na hasa wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba, metfomini ilionyesha faida ya kweli. Kama umo humo, muulize daktari waziwazi.

Kuhusu hiyo asilimia 7, wengi wanatishika bure. Mwenye kilo 80 anatakiwa apunguze kama kilo 5 na nusu. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea ila huwezi kuimba.

Mama mkwe anasema vidonge vya sukari vinaua figo, eti vya asili havina madhara.

Mama tumheshimu, ila hapo kachanganya. Metfomini haiharibu figo. Ukweli ni kwamba hutolewa mwilini kupitia figo, kwa hiyo ambaye figo zake tayari zimedhoofika sana hapewi, isije ikarundikana. Ndiyo maana daktari hupima figo kwanza. Madhara yake ya kawaida ni ya tumbo: kichefuchefu na kuharisha, hasa wiki za mwanzo. Imeze pamoja na chakula, uanze na dozi ndogo. Ukiitumia miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12, nayo hupimwa.

Mwambie pia kwa upole kwamba hata metfomini ina asili ya majani. Kemikali za mmea wa *Galega officinalis*, uliotumika zamani Ulaya kama dawa, ndizo zilizowaelekeza wanakemia kuitengeneza. Daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari mwaka 1957.

Mdalasini na uwatu vinasaidia kweli?

Uwatu una nyuzi zinazovimba na kunata tumboni, hivyo sukari huingia kwenye damu taratibu. Tafiti zipo, nyingi ndogo, na matokeo yake si ya kutegemea peke yake. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiuguse bila kumwambia daktari, na mjamzito asiutumie kama dawa.

Mdalasini ushahidi wake unayumba. Ule wa kasia, ulio wa kawaida zaidi, una kemikali iitwayo kumarini, ambayo ikizidi inaweza kuumiza ini. Kijiko cha chai kila siku kinaweza kumpitisha mtu wa kilo 60 kiwango kinachokubalika Ulaya. Kwenye chai kwa ladha, sawa.

Nilinunua unga wa mitishamba. Sukari imeshuka haraka ajabu, ila natetemeka, jasho linanitoka na njaa inaniuma saa za jioni.

Acha leo. Hizo ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi, na majani ya kawaida hayamfanyi hivyo mtu ambaye hata kisukari hana. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimeshakamata “dawa za asili” zilizochanganywa kimyakimya na glibenklamaidi, dawa kali ya kisukari. Ukianza kutetemeka tena, kunywa kitu chenye sukari papo hapo, kisha nenda hospitali na pakiti yenyewe mkononi.

Asali badala ya sukari?

Asali ni sukari.

Nitajuaje kama dawa ya asili imenifanyia kazi?

Kwa kipimo kilekile kinachopima vidonge. Pima HbA1c leo, badilisha jambo moja tu, rudia baada ya miezi mitatu. Ukianza uwatu, matembezi na kuacha soda vyote kwa siku moja, uwatu utapewa sifa isiyo yake. Kupima mapema zaidi hakusaidii sana, maana chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120 na kipimo hicho husoma sukari iliyoganda humo. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu aseme kabla ya kupimwa, kwa kuwa HbA1c yake inaweza kudanganya. Yeye hupimwa sukari ya asubuhi kabla ya kula, au saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi.