Programu ya kikoba: seva ya nini?

Swali: Habari za kazi, mkuu. Nimejifunza mwenyewe Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, na nataka kutengeneza programu ya simu ya kutunza hesabu za vikoba. Nimepanga kila mwanachama awe na akaunti yake, kuwe na sehemu ya kuchati, na programu isome yenyewe meseji za malipo ya simu. Niko peke yangu. Kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kutunza data za wote, nianzie wapi? (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndugu yangu, anza kwa kuifuta hiyo seva kwenye mpango. Anayeandika kwenye kikao ni katibu. Wengine wanataka tu kuona hisa zao zimeandikwa sawa. Basi mtengenezee katibu: programu isiyohitaji bando, data ikae kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu yake, na kikao kikiisha abonyeze kitufe muhtasari uende kwenye kundi lao la WhatsApp. Huko wanachati tayari.

Kusoma meseji pia achana nako. Google Play inaibana sana ruhusa hiyo: lazima ujieleze kwenye fomu na ukaguliwe, na wengi hukataliwa. Hata ukipita, kila mtandao una maandishi yake ya meseji, na huyabadilisha bila kukuuliza. Katibu anakili meseji, anaibandika, programu inachomoa kiasi na kumbukumbu ya muamala, naye anahakiki kabla ya kuhifadhi.

Muda wako uupeleke kwenye hesabu, maana hapo ndipo vikundi huvunjika. Fedha ihifadhi kama namba kamili za shilingi, kamwe si desimali za kompyuta, ambazo hupoteza vipande vidogo kimyakimya. Kisha fikiria siku ya gawio. Faida ni shilingi 1,000,000 na hisa ni 347: kila hisa inapata 2,881 na zinabaki 293. Zinaenda wapi? Hilo si lako kuamua, ni la katiba ya kikundi, kwa hiyo weka mahali pa kuchagua: mfuko wa jamii, au mzunguko ujao. Na muamala uliokosewa usifutike. Uandikwe mwingine wa kuusahihisha, vyote viwili vionekane. Katibu anayeweza kufuta atashukiwa hata akiwa malaika.

Simu ikiibiwa je? Android ina nakala ya akiba ya kiotomatiki, hadi megabaiti 25 kwa kila programu, na daftari la kikundi halifiki huko. Lakini usiitegemee peke yake, kwani si kila mtu ameiwasha. Muhtasari ule uambatane na faili kamili inayoweza kurejeshwa kwenye simu nyingine, mweka hazina akae nayo.

Gharama: akaunti ya kutolea programu Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, isubiri. Ila akaunti mpya ya mtu binafsi haikubaliwi kutoa programu kwa umma mpaka watu 12 wawe wamejiunga na majaribio kwa siku 14 mfululizo. Tafuta kikoba kimoja chenye wanachama wa kutosha wenye simu za Android. Kama wanakutana kila wiki, siku hizo zinabeba vikao viwili: cha kwanza watoe mkopo, cha pili warejeshe sehemu yake, nawe ulinganishe na daftari la karatasi mstari kwa mstari.