Maua ya harusi: yaweke karibu na watu

Kwenye kamati za harusi nilizokaa hapa Dar es Salaam, mapambo ndiyo kifungu kinachopita haraka kuliko vyote. Vinywaji vitajadiliwa kreti kwa kreti, chakula sahani kwa sahani. Mpambaji akileta karatasi yenye mstari mmoja tu, "mapambo ya maua", na jumla yake pembeni, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye hoja, kimya, imepita. Mimi siku hizi hunyoosha mkono. Maua yanahesabika kama soda, na ukishayahesabu ndipo unapoona pa kupunguza bila harusi yenyewe kupungua.

Muulize mpambaji idadi ya mashina. Ukumbi wenye meza 30, kila meza mashina 10, hayo ni mashina 300, na bado hujagusa kanisa wala meza kuu. Shada zuri la bibi harusi linatosha kwa mashina 20 hadi 25. Kwa hiyo meza za wageni ndizo zinazokula fedha ya maua, na ni meza zilezile ambazo watu wakishaketi tu zinajaa chupa, mikoba na sahani. Ua la katikati linasogezwa pembeni ili mtu amwone jirani yake.

Ushauri wangu ni huu: maua halisi yakae karibu na watu. Mkononi mwa bibi harusi, kifuani mwa bwana harusi na wasimamizi, kwenye nywele za watoto wanaotangulia, na mbele ya maharusi pale meza kuu. Hapo ndipo picha zinapopigwa, na hapo harufu inafika puani. Darini, langoni na kwenye pazia la nyuma ya maharusi, kodi maua ya bandia bila kuona haya; kwa umbali ule jicho halitofautishi. Kodi, usinunue. Kariakoo yamejaa na bei inashawishi, lakini baada ya sherehe utabaki na maboksi usiyojua pa kuyaweka. Nenda ukayaone mchana kweupe kabla hujalipa, na upitishe kidole juu ya petali, kwani vumbi la sherehe zilizotangulia huonekana kwenye picha.

Watu wa pwani wana hekima kubwa katika jambo hili. Unguja, Mombasa na Tanga, ua la harusi ni la kuvaliwa. Asumini huchumwa alasiri zikiwa bado tumba, zikatungwa kwenye uzi zikawa koja, na giza likiingia zinafunuka zikiwa tayari shingoni au kichwani mwa mtu. Kikuba nacho hukusanya asumini, petali za waridi, rehani na langilangi, na kilua au mkadi vikipatikana, vikafungwa kitita kidogo cha kubandikwa kifuani. Kwenye kicheni pati ya mdogo wangu tuliacha kabisa maua ya mezani. Mashangazi waliokuja kutoka Tanga walikaa mkekani tangu alasiri, sinia la maua katikati, mmoja anachambua, mwingine anapanga, mwingine anafunga uzi. Kila mama aliyeingia alibandikwa kikuba chake mlangoni. Tulinunua uzi, pini na maua kidogo. Mengine yalitoka kwenye nyua za majirani. Ukumbi mzima ulinukia, na wageni waliondoka na maua yao vifuani.

Kwa shada, wengi wanataka waridi. Mawaridi mengi tunayoyapata Dar yanatoka mashamba ya Arusha, kwenye ubaridi wa miteremko ya Meru, kisha yanashuka kwenye joto letu. Ukienda kuyachagua, usidanganywe na petali za nje. Libonye waridi taratibu pale chini, petali zinapokutana na shina. Likiwa gumu, ni jipya. Likibonyea, limekaa sana hata kama muuzaji amelipuliza maji likang'aa. Chukua yaliyoanza tu kufunguka. Nyumbani, kata ncha ya shina kwa mshazari, kama sentimita 2, kwa kisu kikali, ondoa majani yote yatakayozama, uyatie kwenye ndoo iliyosuguliwa kwa sabuni. Yaweke chumba chenye kivuli, mbali na upepo wa feni. Na mbali na ndizi! Nyumba ya harusi haikosi mkungu kwenye kona, na ndizi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua upesi, hasa karnesheni.

Usiidharau karnesheni yenyewe. Pamoja na krisanthemamu, inavumilia joto vizuri kuliko waridi, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Waridi chache katikati, karnesheni kuzizunguka, gipsofila kujazia (yale maua meupe madogo madogo), na shada limekamilika. Lili ni nzuri, ila chomoa vile vijiti vyenye unga wa chavua kabla hazijakaribia gauni, maana doa lake halitoki kirahisi. Na kama rangi ya kamati ni bluu, tafadhali usiagize mawaridi ya bluu. Shambani hayapo. Ni meupe yaliyonyweshwa au kupuliziwa rangi, na hiyo rangi inaweza kuhamia kwenye mikono na gauni. Chukua meupe, bluu ibebwe na utepe.

Tarehe nayo ina bei. Wakristo wengi hukimbilia kufunga ndoa kabla ya Kwaresima, na mbio hizo mara nyingi huangukia karibu na 14 Februari, wakati waridi linagombaniwa ndani na nje ya nchi. Kama mnaweza kusogeza, sogezeni. Kama hamuwezi, jengeni shada kwa maua mengine.

Kanisani, uliza ofisi ya parokia kama kuna ndoa nyingine siku hiyohiyo. Jumamosi za Dar mara nyingi zipo. Wapigieni maharusi wenzenu mpambe altare kwa pamoja, mgawane gharama. Zungumzeni pia na akina mama wanaopamba altare kila Jumapili, kwa sababu huenda maua yenu yakabaki kwa misa ya kesho yake na wao wakawapunguzia kazi ya kupamba. Lakini hilo lisemwe mapema, maana kuna kamati zinazopanga kuyahamishia yaleyale ukumbini. Na mkiamua kuyahamisha, mteueni mtu mmoja mwenye gari, asiyekuwa kwenye msafara wa maharusi wala kwenye picha, awe na ndoo zenye maji kidogo na namba ya simu ya anayeshika funguo za ukumbi. Ampigie kabla ya kuondoka kanisani. Kumbi nyingi hazifunguliwi hadi alasiri, na maua yaliyoachwa kwenye gari lililofungwa, juani, yatakuwa yamenyauka kabla mlango haujafunguliwa.